Mimea itambaayo ukutani: jinsi ya kuitunza bila kuumiza ukuta wala msingi

Bogenvilia iliyopandwa kwenye kona ya nyumba ikiwa mche wa urefu wa mkono, baada ya miaka michache hufika kwenye bati. Fikasi ya ukutani (Ficus pumila), ile yenye majani madogo yanayolala bapa, hufunika fensi nzima hadi usijue ndani yake kuna tofali au jiwe. Wenye nyumba huipenda mimea hii kwa sababu nzuri kabisa: kivuli, maua, faragha, na ukuta wa magharibi ambao hauchomi saa tisa alasiri. Halafu siku moja fundi rangi anakuja, anavuta tawi moja, na plasta ya ukubwa wa dirisha inashuka nalo.

Baada ya hapo watu hugawanyika. Wako wanaong'oa kila kitu na kumwaga zege hadi ukutani, na wako wanaoacha mmea uendelee kwa sababu unaficha rangi iliyochakaa. Wote wawili nawaelewa, lakini wote wawili wanamsahau mhusika mkuu, ambaye ni maji. Maji ndiyo yanayoanza kuharibu nyumba zetu. Mmea hufuata njia ambayo maji yameshaifungua, na kibaya zaidi huificha, ukaja kuiona wakati gharama imeshapanda. Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: mguu wa ukuta uonekane muda wote. Ukiweza kuona sentimeta 50 za chini kabisa, kuzunguka nyumba nzima, bila kusukuma jani hata moja, utawahi ufa, unyevu na mchwa kabla havijawa mradi wa ujenzi.

Hatua ya 1: Kagua ukuta kabla ya kuugusa mmea

Chagua asubuhi baada ya mvua ya usiku, maana ukuta mkavu huficha mengi. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na usukume majani kwa fimbo ndefu, kamwe si kwa mkono. Mmea mnene ulioshuka hadi ardhini ni makazi ya mijusi na panya, na palipo na hao nyoka naye hufika. Nyigu nao hupenda kujenga humo.

Anza na ardhi. Tazama udongo umefika wapi kwenye ukuta. Nyumba iliyojengwa vizuri ina tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, lile ambalo mafundi huliita dipisii, na udongo wa nje unatakiwa uwe chini yake kwa walau sentimeta 15. Bustani zinazopandwa maua hupanda juu mwaka hadi mwaka: leo toroli la mbolea ya ng'ombe, kesho udongo mweusi wa bustanini, keshokutwa majani makavu yaliyorundikana. Siku ikifika udongo ukavuka dipisii, unyevu huingia ukutani moja kwa moja kana kwamba tabaka lile halikuwekwa. Zipo pia nyumba nyingi zilizojengwa kidogo kidogo bila dipisii kabisa. Kwa nyumba hizo, kuweka udongo wenye majimaji karibu na ukuta ni hatari zaidi.

Kisha tazama rangi. Rangi iliyovimba malengelenge, au unga mweupe unaobaki kidoleni ukipitisha mkono, ni dalili kwamba maji yanapita ndani ya ukuta na kuacha chumvi juu. Pwani tatizo hili mara nyingine halihusiani na mmea: limetokana na mchanga wa baharini uliotumika kwenye plasta bila kuoshwa. Namna ya kutofautisha ni kulinganisha kuta. Ikiwa unga mweupe upo hata kwenye kuta zisizo na mmea, usiukate mmea kwa kosa la mchanga.

Gonga plasta kwa mpini wa nyundo kila baada ya hatua moja. Iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachia hulia kama debe tupu. Pale palipoachia paweke alama ya chaki, maana hapo ndipo mizizi ya kushikia itakapotoka na kipande cha ukuta.

Nyufa zishughulikie kwa utulivu. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida na hauhitaji hofu. Chora mstari mdogo wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe pembeni, kisha urudi kuutazama baada ya msimu mmoja wa mvua. Ufa uliovuka mstari wako bado unatembea. Ukiwa na upana wa milimeta 5 au zaidi, ukiwa mpana juu kuliko chini, au ukipita kwenye tofali na kutokea upande wa ndani, mwite mhandisi au fundi mwashi mzoefu kabla ya kufanya lolote kuhusu bustani.

Mwisho, tafuta njia za mchwa: vijifereji vya udongo, upana wa penseli, vinavyopanda kutoka ardhini kuelekea madirisha na mbao za paa. Mchwa hawali ukuta na hawaletwi na maua, lakini wanapenda giza na unyevu, na nyuma ya majani wanaweza kupanda hadi kwenye kenchi bila mtu kuwaona.

Hatua ya 2: Ujue mmea wako unashikaje

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani mimea yote ya kutambaa ina tabia moja. Ung'oe uchunguze kichipukizi kimoja tu, sentimeta 20 zinatosha.

Ikiwa kichipukizi kimetoka kwa urahisi na nyuma yake hakuna kitu, mmea wako unaegemea tu. Bogenvilia ni wa kundi hili, na alamanda, na asumini. Haina mizizi ya kushikia. Hupanda kwa kutupa matawi marefu na kujikwamisha, bogenvilia kwa miiba yake. Mimea hii haiwezi kutoboa plasta. Madhara yake ni uzito na msuguano: shina likinenepa hubana dhidi ya kona, hunyanyua bati, na hupinda gata lililofungwa kwa misumari midogo. Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini, ambako Wafaransa wa msafara wa Louis-Antoine de Bougainville waliiona miaka ya 1760, na kwa jua la pwani yetu imepata nyumba ya pili. Isipokatwa hupita meta 10 bila shida.

Ikiwa kichipukizi kimejisokota kwenye waya, nondo za dirisha au bomba, una mmea wa kujizonga au wenye vikono. Pasheni, dodoki, fiwi na tanbajia ya maua ya bluu wako hapa. Ukutani penyewe hawawezi kupanda, maana hakuna cha kuzonga. Wape waya, watatulia. Hatari yao ni kuzonga wasichotakiwa: bomba la maji ya mvua, waya wa umeme unaoingia nyumbani, feni ya kiyoyozi.

Ikiwa kichipukizi kimekataa kutoka, na kilipotoka kimebeba rangi, hicho ni cha kushikilia. Fikasi ya ukutani ndiyo maarufu zaidi kwetu. Igeuze uone: kila baada ya sentimeta chache kuna kishada cha vimizizi vya kahawia, na vimizizi hivyo hutoa utomvu unaonata kwenye plasta kisha unakauka. Ukibandua unabaki na vidoa vya kahawia visivyotoka kwa maji na sabuni. Ikiwa changa ni nyororo na ya kupendeza. Ikikomaa hubadilika, hutoa matawi mazito yanayosimama mbali na ukuta, majani makubwa zaidi, na matunda ya kijani. Wakati huo shina lake ni mti kamili. Pothosi, ile yenye majani ya kijani yaliyochanganyika na manjano inayokuzwa hata kwenye chupa ya maji sebuleni, ikipandwa nje chini ya ukuta hushika kwa mizizi ya namna hiyo hiyo na majani yake huwa makubwa kupita kiasi. Nyanda za juu zenye baridi, kama Nairobi au Arusha, utakuta pia aivi.

Kuhusu aivi kuna jambo la kujifunza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliifuatilia kwenye kuta za kale za Uingereza kwa ajili ya taasisi ya English Heritage, wakakuta kwamba kwenye ukuta usio na kasoro majani yake huukinga na mabadiliko makali ya joto na baridi. Palipokuwa na nyufa na mashimo tayari, mizizi iliingia na kuongeza ubovu. Sisi hatuna barafu ya kuogopa, lakini tuna mvua za kishindo, mchwa na mchanga wa chumvi, kwa hiyo nusu ya pili ya habari ile ndiyo inayotuhusu zaidi: mmea wa kushikilia ni wa ukuta usio na kasoro peke yake.

Hatua ya 3: Amua, ubaki au uondoke

Mmea wa kuegemea au wa kuzonga, karibu kila mara unaweza kubaki. Upogoe, uhamishie kwenye waya, basi. Mmea wa kushikilia ubaki tu ikiwa ukuta umepita ukaguzi wa hatua ya kwanza: haulii, hauna ufa unaotembea, udongo uko chini ya dipisii. Hata hapo mimi ningeuacha kwenye fensi na si kwenye ukuta wa nyumba ya kuishi, kwa sababu nyumba inahitaji kupakwa rangi na fensi inaweza kusubiri.

Uondoe bila kusita ikiwa shina limeota ndani ya ufa, ikiwa liko chini ya meta 3 kutoka chemba au shimo la maji taka, au ikiwa nyumba iko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga au wa tambarare za Athi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Udongo huo hutembea kadiri unavyopata na kukosa maji. Mmea mmoja wa kutambaa hauna kiu ya mkaratusi, lakini safu ya bogenvilia nene upande mmoja wa nyumba hukausha udongo wa upande huo, huku upande wa pili ukibaki na maji, na msingi mwembamba haupendi kuvutwa pande mbili. Kumwagilia sana upande mmoja nako ni kosa hilo hilo kwa njia nyingine. Kwenye udongo wa mchanga, kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam, tishio hili ni dogo. Huko cha kuogopa ni mpira wa maji ulioachwa wazi shinani ukichimba mchanga taratibu chini ya zege.

Hatua ya 4: Kukata

Andaa mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo, panga, glovu nzito, miwani, na shati la mikono mirefu. Miiba ya bogenvilia huchoma na kuacha kidonda kinachouma siku kadhaa. Utomvu mweupe wa fikasi na wa alamanda huwasha ngozi na ni mbaya zaidi ukiingia jichoni. Alamanda isitupwe kwenye zizi wala watoto wasiichezee. Kama waya wa umeme umepita katikati ya matawi, acha, piga simu shirika la umeme waje kuukatia umeme kwanza, na ngazi ya chuma usiitumie kabisa upande huo.

Mmea unaobaki, anza chini. Kata kila tawi lililo chini ya sentimeta 50 mguu wa ukuta ubaki wazi, kisha panda juu ukate kila kilichokaribia gata, bati na fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), uache nafasi ya sentimeta 30 au zaidi. Katikati fanya upendavyo.

Mmea wa kushikilia unaoondoka, usiuvute ukiwa hai. Huo ndio ushauri ambao ningependa kila fundi wa bustani ausikie. Kata shina karibu na ardhi, kisha kata tena sentimeta 30 juu yake, utoe kipande hicho kizima ili visikutane. Mashina yanaweza kuwa mengi, na lililosahaulika nyuma ya tangi la maji litaulisha ukuta mzima, kwa hiyo zunguka mara mbili. Baada ya hapo acha wiki tatu au nne. Majani yatageuka kahawia na watu watakuuliza kuna nini, vumilia. Mmea ukishakauka, lowesha sehemu ndogo kwa maji, uanze kubandua kutoka juu kwenda chini, polepole, huku mkono mmoja umebana plasta pale ulipoweka alama ya chaki. Tawi linalokataa lichomoe kwa spachula ya kupakia rangi ikiwa imelala bapa.

Vidoa vya mizizi vinavyobaki vishughulikie siku hiyo hiyo vikiwa vimelowa. Vikikaa vinakuwa vigumu kama gundi iliyokauka. Brashi ngumu ya nailoni na maji inatosha kwa vingi. Brashi ya waya hukwaruza plasta na kuacha nyuzi za chuma zinazopata kutu chini ya rangi mpya, iache kwa ajili ya mawe ya fensi.

Hatua ya 5: Kisiki

Kisiki kilichokatwa tu kitachipua. Una njia mbili.

Ya kwanza ni dawa ya kuua magugu yenye glaifoseti, ipakwe kwa brashi ndogo kwenye kidonda kibichi ndani ya dakika chache za kukata, yaani siku ile ile unapokata shina katika hatua ya 4, hasa kwenye ile pete nyembamba iliyo chini ya gamba, maana hiyo ndiyo inayosafirisha dawa hadi mizizini. Katikati ya shina hakuna faida kuipaka. Nunua kwenye duka la pembejeo lenye bidhaa zilizosajiliwa, ufuate kipimo cha lebo cha kupaka kisiki, usipulizie hewani karibu na kisima wala mboga.

Ya pili ni subira: kila chipukizi likifikia kidole, likate. Kila linapokatwa mizizi hupoteza akiba, na baada ya misimu miwili hivi visiki vingi huacha. Kufunika kwa nailoni nyeusi nzito yenye mawe juu yake husaidia.

Zile dawa za mtaani za kumwaga chumvi ya magunia, dizeli au asidi ya betri kwenye kisiki kilicho karibu na nyumba ziache kabisa. Chumvi haibaki kwenye kisiki. Huyeyuka na mvua, hunywewa na ukuta, hutoka kama unga ule ule mweupe, na ikizifikia nondo huzitafuna. Asidi nayo hula saruji. Utakuwa umeua ua na kuumiza msingi kwa siku moja.

Na usichimbe kisiki kilichobanana na msingi kwa sururu. Mizizi iliyo chini ya msingi imeshika udongo unaoubeba. Ukate mzizi mkubwa kwa msumeno pale unapoonekana na uuache uoze wenyewe. Chimba tu ikiwa uko meta moja au zaidi kutoka ukutani.

Hatua ya 6: Tengeneza ukuta

Plasta inayolia ibomoe hadi ifike iliyoshika, usiifunike. Ufa wa plasta upanue kwa patasi uwe na umbo la V, uusafishe vumbi, uuloweshe, ndipo ujaze. Mchanganyiko wa kiasi kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga safi wa mtoni unafaa kwa nje. Umwagilie maji siku saba, kisha usubiri hadi wiki nne ndipo upake rangi. Rangi inayowahi kwenye plasta yenye maji ndani itavimba, na lawama zitarudi kwa ua ambalo halipo tena.

Teremsha udongo urudi chini ya dipisii. Uupe mteremko wa kuondoka kwenye nyumba, sentimeta 5 kwa kila meta. Ukanda wa nusu meta unaogusana na ukuta ujaze kokoto, usipande kitu. Kokoto hukausha haraka, haimrushii ukuta matope mvua inapopiga, na mchwa akipita juu yake anaonekana.

Nyumba za mawe ya kale

Mambo hubadilika kabisa kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, za Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, Mombasa, Pangani au Bagamoyo. Jiwe la tumbawe lina matundu na hunywa maji. Kiungo chake ni chokaa, ambayo ni laini kuliko saruji, na mzizi unaipenya bila kelele. Dari za zamani zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ndani ya ukuta, na boriti ikilowa ncha huoza ikiwa imefichika. Kwenye ukuta wa namna hii mmea wa kushikilia hauna nafasi hata kwa urembo wa wiki moja.

Adui mkubwa kuliko kitambaazi chochote huko ni mche wa jamii ya mtini. Ndege na popo hula tunda, huacha mbegu juu ya ukuta au kwenye ufa wa gata, na mche huota bila udongo wowote, ukishusha mizizi myembamba inayofuata viungo vya chokaa hadi ipate ardhi. Ikishaipata hunenepa na kusukuma mawe. Ukitembelea magofu ya Gede karibu na Malindi, ambayo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, utaiona kazi hiyo kwa macho: miti imekaa juu ya kuta, mizizi imezikumbatia, na katika sehemu nyingine haiwezekani tena kuung'oa mti bila kuangusha ukuta.

Mche wenye majani manne hung'olewa kwa vidole viwili. Wenye unene wa kidole gumba ukatwe na kisiki kipakwe dawa, usivutwe. Uliofikia unene wa mkono ni kazi ya fundi anayejua chokaa, kwa sababu mawe yatahitaji kuegemezwa mbao kabla, na tundu linalobaki mzizi unapooza litahitaji kujazwa. Lijazwe kwa chokaa na mchanga, kiasi kimoja kwa vitatu, usikubali saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua, na jiwe linalolizunguka huanza kuvunjika lenyewe. Kwa nyumba zilizo ndani ya maeneo ya hifadhi, mamlaka ya mji mkongwe husika inapaswa kujua kabla hujagusa ukuta.

Hatua ya 7: Panda upya, mara hii kwa nafasi

Hakuna sababu ya kuishi bila maua. Mche upande sentimeta 60 kutoka ukutani, bogenvilia ikiwezekana meta moja, na uuegemeze kidogo kuelekea kwenye waya. Karibu kabisa na ukuta mche hauna faida hata kwake wenyewe, maana chini ya upenu mvua haifiki na mizizi michanga hukauka.

Fremu nzuri kuliko zote ni ile isiyogusa nyumba: nguzo mbili za bomba la chuma zilizosimikwa kwa zege, waya wa mabati umekazwa katikati kila sentimeta 40 kwenda juu. Siku ya kupaka rangi fundi anapita nyuma yake. Kama eneo ni dogo na lazima ufunge ukutani, tumia plagi za plastiki na skrubu ndefu zenye kichwa cha pete, waya ukae sentimeta 10 mbali na plasta hewa ipite. Toboa kwenye tofali, si kwenye kiungo, na toboa kwa mwinuko kidogo kuelekea ndani ili maji ya mvua yasifuate skrubu kuingia. Misumari ya zege iliyopigwa kwa nyundo hupasua plasta na hutoka kutu mapema.

Funga matawi kwa kamba ya katani au vitambaa vya pamba, ufunge kama namba nane ili shina lisigusane na waya. Bainding waya hukata gamba shina likinenepa.

Kwa ukuta wa magharibi unaochoma jioni, pasheni kwenye waya ndiyo ningeipendekeza kwanza. Inakua upesi, inatoa kivuli na juisi, na ikizeeka baada ya miaka mitatu hadi mitano huondoka bila kuacha kovu. Anayeishi kando ya bahari penye upepo wa chumvi atafanikiwa zaidi na bogenvilia.

Mwagilia upande wa nje wa mche, mbali na nyumba. Mizizi hufuata maji, na ukiimwagia ukutani, ukutani ndiko itakakokwenda.

Utunzaji wa mwaka

Februari, kabla ya masika, kata kila kilicho karibu na gata, usafishe gata lenyewe na uangalie kama maji ya bomba la mvua yanamwagika mbali na msingi. Gata lililoziba majani ya bogenvilia hufurika nyuma, kwenye ukuta na fishabodi, na huleta unyevu mwingi kuliko mzizi wowote.

Juni, mvua zikikoma, rudia ukaguzi wa hatua ya kwanza na upogoe bogenvilia kwa nguvu. Hutoa maua kwenye machipukizi mapya, hivyo ukikata wakati huo utapata maua ya kiangazi. Pasheni ipogolewe baada ya kuvuna. Fikasi ya kwenye fensi haina msimu: kila miezi miwili, na tawi lolote linaloanza kusimama mbali na ukuta likatwe mara moja kabla halijakomaa.

Ukipanda juu ya paa kwa sababu yoyote ile, iwe kurekebisha dishi au tangi, pitisha macho kwenye kona za gata na vichwa vya kuta utafute miche ya mtini. Na kama mmea unaokusumbua umetokea kwa jirani kupitia juu ya fensi, mwendee kabla ya kuchukua panga, mkate pamoja hadi kwenye mpaka, kisha kubalianeni kuhusu shina. Dawa uliyopaka kwenye tawi la upande wako inaweza kuua mmea wake wote, na huenda ndio anaoutegemea kwa kivuli cha jikoni.